Ile Isiyo na Farasi

Munigi, 9 Machi 2025

Papa Mukubwa Harelimana,

Ninakusalimia kwa mikono miwili, mimi Uwitonze Jolie, mutoto wa kwanza wa mudogo wako Émile. Labda unanikumbuka nikiwa mufupi. Sasa nimemupita mama kwa urefu, na nguo zangu zote zinaonekana kama za kuazima. Mama Séraphine ni muzima, anauza viazi kando ya barabara. Mudogo wangu Gisubizo amepoteza meno ya mbele na anawaonyesha wageni pengo lake. Nyogokuru, mama yenu, anakula kidogo lakini anasema sana, kwa hiyo hatuogopi. Tangu watu walipoondolewa katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga tunakaa hapa Munigi, katika nyumba ya mbao ya ndugu ya mama, juu ya mawe ya volkano. Mawe yanakata viatu, lakini mvua haituamshi tena.

Shule imefunguliwa. Ninasoma mekanike, na sisi wasichana ni wawili tu katika darasa. Profesa Célestin, anayetufundisha kuchora mashine, anarudia kila siku: "Eleza kwanza. Utahukumu baadaye." Ndiyo sababu ninakuandikia. Katika nyumba yetu watu wamehukumu, na hakuna aliyeeleza.

Unajua kwamba kilio cha papa, matanga yake, bado hakijaondolewa. Kaka wa marehemu ndiye anayepaswa kumwaga pombe na kuita jina lake, na kaka wa marehemu hakuja kuzika. Nilimuambia Nyogokuru kwamba wakati ule barabara ya Bunagana ilikuwa imekatwa na vita. Alinijibu: "Barabara ilikatwa. Na moyo wake, nani aliukata?" Hataji jina lako, Papa Mukubwa. Anakuita "ule wa Bunagana."

Anasimulia hivi. Sogokuru, baba yenu, alikuwa mulinzi wa shamba la kahawa kule Rutshuru. Mwenye shamba alipoondoka alimuachia revolveri mbili za Amerika: Colt yenye alama ya farasi, na Smith isiyo na farasi. Sogokuru alipokufa, Nyogokuru aliziweka juu ya ungo mbele ya jamaa yote, na wewe, kama mukubwa, ulichagua wa kwanza. Ulichukua Smith. Papa akabaki na farasi. Wewe ni fundi wa chuma, anasema, ulijua iliyo nzuri. Halafu ikaja alfajiri ile ya Mugunga. Wezi wenye bunduki walifika kwa ng'ombe wetu, papa akasimama mbele yao na revolveri yake, na Nyogokuru, akiwa ndani ya bashi, hema yetu ya plastiki, alisikia chuma kikilia: ka. Kimya. Ka. Kimya. Ka. Risasi haikutoka. Kisha wao wakapiga.

"Farasi alimukatalia mutoto yangu," anasema.

Bado anaisikia sauti ile. Jioni, tukiwa tunachambua maharagwe, mukono wake unasimama. "Mumesikia?" Sisi hatukusikia kitu. Lakini mara moja Gisubizo alisema amesikia, na mama alimupiga kofi, halafu mama mwenyewe akalia.

Ninaomba unieleze kama fundi. Kati ya Colt na Smith, ipi imetengenezwa vizuri zaidi, na ipi inaweza kumukatalia mutu? Kama ulijua kwamba ile ya papa ni mbovu, sema ulijua. Kama si hivyo, ninataka nipate maneno ya kusimama nayo mbele ya Nyogokuru, ili urudi nyumbani na kilio kiishe.

Barua hii anaileta Mama Kaswera, yule anayenunua maharagwe huko kwenu. Maneno haya si ya simu.

Mutoto wako,
Jolie


Bunagana, 2 Aprili 2025

Binti yangu,

Barua yako ilifika ikinuka maharagwe. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mama Mukubwa wako anakusalimia, muguu unamusumbua wakati wa mvua. Mimi ninafungua kufuli za watu waliopoteza funguo, na ninatengeneza mashine za kushona. Nimefurahi kusikia kwamba unajifunza mekanike. Baba yako naye alikuwa na mikono ya kazi hiyo, lakini ng'ombe walimupenda zaidi.

Umeuliza kama mwanafunzi, nami nitajibu kama fundi. Colt na Smith ni ndugu waliolelewa mutaa mumoja na hawakuelewana kamwe. Silinda, ile nyumba ya risasi inayozunguka, kwa Colt inazunguka kwenda kuume, kwa Smith kwenda kushoto. Ukitaka kufungua Colt unavuta kitufe nyuma; Smith, unakisukuma mbele. Bamba linalofunika mutambo wa ndani, kwa Colt liko upande wa kushoto, na pale ndipo farasi alipochorwa, amesimama kwa miguu ya nyuma. Kwa Smith bamba liko upande wa kuume.

Kwa kazi ya mikono, Colt ya zamani ninaivulia kofia. Ukivuta gasheti, kile chuma cha kufyatulia, mupaka mwisho, silinda inajifunga imara, haitikisiki hata kidogo. Lakini uimara huo unavichosha vyuma vyake. Ndani kuna kidole kidogo kinachosukuma silinda. Kinalika polepole, na siku moja silinda inachelewa kufika mahali pake. Kuirudisha sawa kunahitaji fundi mwenye subira, na wengi wao wamekufa. Smith ni nyepesi kwa kidole na haichoki haraka. Hata mutu wa kufuli kama mimi anaweza kuirekebisha. Udhaifu wake ni mumoja: visi ndogo, yaani skrubu, mbele ya mupini, inayokaza resori, ile springi inayorusha nyundo. Mutu akiilegeza, nyundo inapiga kwa uvivu, na risasi inaweza kukataa.

Ya kupendeza macho ni Colt. Ya kukaa nayo mulimani mbali na fundi ni Smith. Lakini Colt ya baba ilikuwa nzima. Niliichunguza mimi mwenyewe, na sitakisingizia chuma kisicho na kinywa.

Baba alitufundisha sisi wawili kuzishika, na alikuwa na katazo moja tu, analisema mupaka tunalichoka: usikaze kidole kabla ya kuangalia kilicho nyuma ya kile unacholenga. "Risasi haijui pa kusimama," alisema. Miti ya kahawa ilikuwa imejaa wavunaji.

Muambie Mama, Nyogokuru wako, kwamba farasi alikuwa muzee. Wazee wanachoka. Hilo linatosha kwa kilio.

Umeuliza kama nilijua. Huku mvua ni nyingi mwaka huu.

Usiiguse ile ya baba yako.

Ule wa Bunagana


Munigi, 27 Aprili 2025

Papa Mukubwa,

Amani iwe kwako na kwa Mama Mukubwa. Mama anasema umufunge muguu kwa majani ya kabichi yaliyopashwa moto. Nimefaulu mutihani wa kuchora. Gisubizo anaota jino moja, limepinda kama mulango wetu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Unasema Colt ilikuwa nzima, halafu unaniambia nimuambie Nyogokuru kwamba ilichoka. Profesa Célestin angeweka alama nyekundu pembeni.

Nisamehe kwa kile nilichofanya. Revolveri ya papa iko chini ya kitanda cha Nyogokuru, ndani ya kitenge alichokuwa amevaa alfajiri ile. Yeye mwenyewe aliitoa katika mukono wa papa na kuifunga bila kuiangalia. Macho yake yana mawingu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Jumapili, walipokuwa kanisani, nilibaki nikisema kichwa kinaniuma, nikafungua kitenge. Sikugusa gasheti. Nilieleza tu, kama nilivyofundishwa.

Rangi ni ya bluu inayogeuka kahawia. Mupini ni wa mbao, umevunjika kidogo chini. Bamba liko upande wa kuume. Nilimutafuta farasi, Papa Mukubwa. Nilimutafuta upande huu na upande ule, kwa macho na kwa ncha ya kitenge. Hakuna farasi. Kuna herufi mbili zilizosokotana kama uzi wa nywele.

Hii ni Smith. Kwa nini ile uliyochagua wewe iko chini ya kitanda cha Nyogokuru?

Nilipoifunika tena, kitenge kilikuwa na joto mahali pale mukono ungeshika. Nilijiambia ni jua. Lakini dirisha la chumba kile linatazama volkano, na asubuhi jua halifiki pale.

Jolie


Bunagana, 30 Mei 2025

Jolie,

Mama Mukubwa anashukuru kwa kabichi.

Nilikuambia usiiguse. Funga kitambaa vizuri na usikifungue tena. Usimuambie mutu yeyote ulichokiona, hasa Mama. Mambo mengine ni ya wakubwa, na wewe una masomo.

Maharagwe ya msimu huu yana wadudu. Muambie mama yako ayachague.

H.


Munigi, 14 Juni 2025

Papa Mukubwa,

Ninakusalimia, ingawa ninajua umenikasirikia. Maharagwe tumeyachagua. Nyogokuru aliugua homa wiki nzima, sasa anaamka lakini anashika ukuta. Ndiyo maana jamaa ilikutana Jumamosi, na mimi nilipika chai, kwa hiyo nilisikia yote.

Nyogokuru alisema hataki kufa na kilio cha mutoto wake kikiwa bado ndani ya nyumba. Papa Rodrigue, mutoto wa shangazi yenu, ndiye atakayeita jina kwa nafasi yako.

"Mimi nitaita," Papa Rodrigue alisema, "lakini tafadhali pombe iwe ya ndizi. Ile ya chupa inanifanya nihubiri."

"Utaita mara moja na utakaa," Nyogokuru alimuambia. "Hatukukutafuta kwa ajili ya mahubiri."

Watu walicheka. Mama peke yake hakucheka. Aliuliza: "Na shemeji?"

"Shemeji gani?"

"Kaka ya Émile."

Nyogokuru aliweka kikombe chini. "Tarehe 30 ya mwezi wa nane, Rodrigue akiisha kuita, Émile atakuwa hana kaka. Ule wa Bunagana atakuwa mutu wa Bunagana. Akipita hapa mutamupa maji kama mupita njia."

Hivyo ndivyo ilivyo, Papa Mukubwa. Sikumuambia mutu yeyote kuhusu farasi. Ninakaa juu ya neno hilo usiku na muchana. Mutu mumoja tu anashuku: muzee Balagizi, jirani yetu, aliyekuwa askari zamani. Aliona mchoro wangu katika daftari la shule na kuniuliza, "Wewe musichana, hii ni mashine ya kusaga nini?" Nilisema ni ya kusaga mahindi. Akasema, "Ninaijua. Inasaga mubaya sana." Halafu akaenda zake bila kuuliza tena.

Ukinyamaza, nitanyamaza. Lakini tutakuwa tumezika wawili.

Jolie


Bunagana, 20 Julai 2025

Binti yangu,

Mama Kaswera amepita hapa mara mbili na kurudi mikono mitupu kwa sababu nilikuwa ninachana karatasi. Mara hii nimeandika polepole. Sisi ni wazima.

Siku ile ya ungo nilichukua Smith kwa sababu mukubwa akichagua vibaya watu wanamucheka. Lakini tangu utoto nilikuwa ninampenda farasi. Baba alipokuwa anaisafisha, ilikuwa ni mimi ninayeshika taa. Nilimusindikiza Émile mupaka njia panda, yeye akipanda Masisi na ng'ombe, mimi nikirudi kwenye kufuli zangu. Hatukusema mengi. Kisha akaanza kucheka. Akasema: "Kaka, macho yako yamebaki ndani ya mufuko wangu. Leta hiyo yako, chukua farasi wako, uache kunitembelea kama mudai." Nami nikafikiri, mutu wa mulimani hana fundi karibu, ni vizuri awe na isiyochoka. Tulibadilishana pale pale, nikakaza visi ya Smith kwa mukono wangu, na tukaagana tukicheka wote wawili. Sikumuona tena.

Hatukumuambia Mama. Kile mama amegawa juu ya ungo, watoto hawakigawi upya barabarani. Ni kumuambia mbele ya marehemu baba kwamba alikosea. Tulisema tutamuambia siku moja, tukiwa wote nyumbani, akiwa na furaha.

Habari ya kifo iliponifikia, na maneno ya Mama kwamba chuma kililia na hakikupiga, nilielewa yale ambayo wengine hawakuweza kuelewa. Kama angekuwa na farasi, mutu angesema farasi alichoka. Lakini alikuwa na Smith, niliyoikaza mimi. Basi ni mambo mawili tu. Ama kazi ya mikono yangu ilimukatalia, ama Émile hakuvuta. La kwanza mimi siwezi kulala nalo. La pili sitaki Mama alale nalo, kwamba mutoto wake alikuwa na silaha nzima mukononi na akawaacha wamuue. Niliona afadhali amuchukie farasi, na mimi juu yake.

Lakini umenishinda kwa subira. Muombe muzee Balagizi. Wewe usiifungue. Aifungue nje, mudomo wake ukielekea mawe, watoto wakiwa mbali. Aangalie nyuma ya kila risasi, kile kiduara cha shaba katikati. Nyundo ikianguka, hata kwa uvivu, jino lake linaacha alama, kama kucha kwenye sabuni.

Ukiona alama, ni mimi. Uniandikie bila kunihurumia.

Harelimana


Munigi, 10 Agosti 2025

Papa Mukubwa,

Salamu zitakuja mwishoni. Hakuna alama.

Muzee Balagizi alikuja juzi asubuhi, Nyogokuru akiwa amelala. Alivua kofia kabla ya kupokea kitenge, kama mutu anayepokea mutoto. Tulienda nyuma ya nyumba, kwenye mawe. Alisukuma kitufe mbele, silinda ikatoka, na risasi zote sita zilikuwa ndani. Zimeota kijani pembeni, lakini nyuma yake ni laini kama macho ya samaki. Aliziangalia moja moja, akanipa na mimi niziangalie. Alama, hakuna. Hata ndogo.

"Labda resori imelegea," nilisema, kwa sababu nilitaka kueleza yote.

Aliweka risasi mufukoni mwake, akavuta gasheti mara moja. Silinda ilizunguka, nyundo ikaruka na kupiga: pa. "Resori hii inaweza kuvunja karanga," alisema. "Aliyeikaza alijua kazi." Ninakuandikia maneno hayo jinsi alivyoyasema.

Kisha, akichunguza tu, alipandisha nyundo kwa kidole gumba. Ka. Akaishusha polepole.

Ndani ya nyumba kitu kilianguka. Ilikuwa fimbo ya Nyogokuru. Alitoka bila kushika ukuta.

"Nani anafanya vile?"

"Iko mimi, mama. Balagizi."

"Fanya tena."

Alifanya tena. Ka.

Nyogokuru alikaa juu ya jiwe. "Ni hiyo," alisema. "Ni hiyo kabisa. Huko ni kuvuta?"

"Hapana, mama. Ni kuitayarisha, na kidole gumba. Halafu unaweza kuirudisha, kama hivi, haisikiki."

"Na kuvuta?"

Alivuta. Pa.

"Hiyo sikuisikia," Nyogokuru alisema. "Ile asubuhi, hiyo sikuisikia."

Baadaye muzee Balagizi, ambaye hajui habari ya ungo, alisema kwamba ni Smith nzuri, za siku hizi hazifiki hapo.

"Smith? Uongo. Ni farasi."

"Mama, basi mutafute huyo farasi." Aliiweka katika mapaja yake, tupu, na kuongoza kidole chake. Papa Mukubwa, alimutafuta muda murefu sana. Alipitisha vidole upande wa kushoto, upande wa kuume, chini ya mupini, kama anavyotafuta jiwe katika mchele. Mwishoni aliniuliza mimi, si yeye:

"Jolie, farasi yuko wapi?"

Nilimuambia. Njia panda, mufuko, mulivyocheka. Alisikiliza na mikono yake juu ya chuma. Kisha akaingia ndani, na mupaka leo hajazungumza na mutu.

Usiku huo nilichora kambi ya Mugunga, kama Profesa Célestin anavyotaka, kila kitu mahali pake. Papa hapa. Nyuma yake bashi yetu, na Nyogokuru ndani. Mbele yake ng'ombe, na wezi karibu na ng'ombe. Nyuma ya wezi, bashi ya Nyiransabimana, yule jirani aliyekuwa na mikeka mikavu. Wiki ile mvua ilikuwa inaingia kwetu, na watoto walikuwa wanalala kwake.

Bashi yetu ilibaki na matundu mawili kutokana na risasi ya wezi, moja la kuingia na moja la kutoka, juu kidogo ya kichwa cha Nyogokuru. Tuliyashona na waya. Wao hawakuangalia nyuma ya papa.

Nina swali moja la ufundi. Risasi ya Smith, je, inasimama kwenye plastiki?

Mama anakusalimia. Sisi ni wazima.

Jolie


Bunagana, 19 Agosti 2025

Binti yangu,

Nimelala. Mama Mukubwa wako alinigusa asubuhi kuona kama bado ninapumua.

Mushukuru muzee Balagizi kwa neno lake kuhusu resori. Risasi zile azizamishe kwenye mafuta, kisha azizike mbali na shamba.

Usichore tena kambi ile. Chora mashine ya kushona, ni nzuri kwa mikono. Uvae viatu kwenye mawe. Ule vizuri. Mvua imesimama.

Kuhusu tarehe 30, Papa Rodrigue ana sauti nzuri. Mimi sikualikwa, na siwezi kuingia katika nyumba ya mama kama mwizi.

Harelimana


Munigi, 24 Agosti 2025

Papa Mukubwa,

Ninakusalimia kwa mikono miwili, na mara hii si mimi peke yangu ninayesalimia.

Hukujibu swali langu, kwa hiyo nimepata jibu. Nilikuwa ninalijua tangu nilipochora ule mustari wa mwisho. Ndani ya bashi ile ya jirani nililala mimi, karibu na ukuta, na Gisubizo aliweka muguu wake juu yangu kama kawaida. Niliamshwa na risasi za wezi. Yote ya kabla, sikusikia. Sikukuuliza ili unitishe. Niliuliza kwa sababu nilitaka mutu mukubwa alijue pamoja nami. Sasa ninajua kwamba unalijua, na inatosha.

Jana jioni tulikuwa tunachambua maharagwe, Nyogokuru akiwa katikati yetu, bado katika kimya chake. Mukono wake ulisimama. Mama aliniangalia. Tulingoja aulize kama tumesikia, lakini hakuuliza. Aliinamisha kichwa upande, kama mutu anayesikiliza kwenye mulango wa chumba cha watoto.

"Anaishusha," alisema. "Sikilizeni. Anaishusha polepole, asiwaamshe."

Kisha akanyoosha mukono, akashika kichwa changu, akashika na cha Gisubizo, na hakutuachia mupaka maharagwe yalipoisha kuiva kwa jirani na sisi yetu bado hatujaweka motoni. Gisubizo alisema ananyongwa. Alimuambia anyamaze.

Leo asubuhi aliniita nilete karatasi. Ninaandika anavyosema, sibadilishi neno:

"Muandikie Harelimana. Farasi abaki huko, sitaki apite barabara. Alete tupa yake. Kabla ya kuita jina ya mudogo wake, atakata jino ya nyundo ya ile ingine hapa, mbele yangu, niisikie. Rodrigue atakaa. Nilimuambia, amefurahi, alikuwa hajapata viatu."

Nilidhani amemaliza, nikafunga kalamu. Nilipofika mulangoni aliniita tena. Anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari.

Nimemuambia sijui. Uje umujibu mwenyewe.

Mutoto wako,
Jolie